George Perry: Mvuvi Aliyeila Rekodi Yake

Mvuvi wa Lamu au wa Kisiwa cha Mfangano akiambiwa kwamba kuna nchi ambako watu hudamka alfajiri, huingia ziwani kwa mashua za bei ghali, humvua samaki mkubwa, humpima uzito, humpiga picha, kisha humrudisha majini akiwa hai, yamkini atadhani anafanyiwa mzaha. Hata lugha yetu inamwunga mkono. Kitenzi kuvua, kama tukitumiavyo, kinatarajia samaki atoke majini asirudi tena. Mtu akisema amevua, swali linalofuata huwa juu ya kitoweo au juu ya bei. Kumvua samaki na kumwachilia ni vitendo viwili ambavyo Kiswahili hakijapata haja ya kuvifumbata katika neno moja. Ilhali huko Marekani desturi hiyo imekita mizizi, hususan kuhusu samaki ambaye huko huitwa besi mdomo-mpana, kiasi kwamba anayemuua besi mkubwa hutazamwa na wenzake kama mtu aliyevunja mwiko.

La ajabu ni kwamba bingwa wa mabingwa wa uvuvi huo, mtu ambaye jina lake halijafutwa katika orodha ya rekodi za dunia tangu mwaka wa 1932, alimpeleka samaki wake nyumbani akaliwa. Jina lake George Washington Perry. Makala haya yanahusu maisha yake, na pia yanahusu shaka iliyomwandama hata baada ya kufa kwake, kwa sababu nadhani shaka hiyo ina funzo kwa kila mwalimu anayewafundisha vijana maana ya ushahidi.

Perry alizaliwa mwaka wa 1912 katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, katika familia ya wakulima. Ujana wake uliangukia katika miaka ya mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka wa 1929. Bei ya pamba, zao ambalo watu wa kusini waliliegemea, ilikuwa imeporomoka, na familia nyingi za mashambani zililima ili zisife njaa tu. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki dunia, na mzigo wa mama na wadogo zake ulikuwa umemkalia mabegani kijana huyu kabla hajatimiza hata miaka ishirini na mmoja. Msomaji na aishike hali hiyo akilini, maana bila hiyo hataelewa lililofuata.

Tarehe 2 Juni 1932 mvua ilikuwa imenyesha na mashamba yalikuwa yamelowa, hayalimiki. Perry na rafiki yake Jack Page wakaingia katika gari la pikapu, wakaenda Montgomery Lake katika wilaya ya Telfair. Jina hilo linalikweza ziwa lenyewe. Lilikuwa dimbwi refu lililobakia pale Mto Ocmulgee ulipouhama mkondo wake wa zamani, lenye miti iliyozama na maji ya rangi ya chai. Mashua yao ilikuwa ya mbao, ya kuungaunga kwa mikono. Wote wawili walikuwa na ufito mmoja wa kuvulia na chambo bandia kimoja tu, basi wakawa wanapokezana: mmoja akipiga kasia mwenzake alirusha ndoana.

Zamu ya Perry ilipofika, alirusha, maji yakatibuka, akavuta, na mshipi ukagoma kabisa. Jambo la kwanza lililomjia akilini ni kwamba ndoana imekwama kwenye gogo na kwamba chambo chao cha pekee kimepotea. Kisha gogo likaanza kutembea. Alipompandisha samaki yule mashuani, alichokiona kwanza ni chakula. Rekodi haikuwamo kabisa katika mawazo yake, na sioni kwa nini ingekuwamo.

Njiani kurudi walipitia mji mdogo wa Helena, ambako samaki alipimwa kwenye mizani ya dukani mbele ya watu. Alikuwa na ratili 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na gramu tisini hivi. Urefu wake ulikuwa inchi 32 na nusu, na mzunguko wa kiwiliwili chake inchi 28 na nusu. Kwa besi wa aina hiyo vipimo hivi ni vya kutisha. Mvuvi wa kawaida huko anaweza kuvua maisha yake yote asione aliyefikia nusu ya uzito huo. Mmoja wa waliokuwapo akamkumbusha kwamba jarida la Field & Stream lilikuwa likiendesha mashindano ya samaki wakubwa. Vipimo vikaandikwa, mthibitishaji wa hati akatia muhuri, karatasi ikapelekwa. Samaki mwenyewe akapelekwa jikoni. Mama yake Perry alimpika, na jamaa ya watu sita wakala siku mbili.

Zawadi aliyoipata ilikuwa bidhaa za thamani ya dola 75: bunduki ya kuwindia, risasi, na nguo za porini. Kwa familia ile, katika mwaka ule, hilo halikuwa jambo dogo. Hata hivyo, hakugeuka kuwa mtu mashuhuri wala tajiri. Mwaka wa 1934 alishinda tena mashindano yale yale, mara hii kwa samaki wa ratili 13 na wakia 14. Baadaye alihamia Brunswick, mji wa pwani ya Georgia, akajifunza urubani na kuendesha shughuli za ndege ndogo. Wanaomkumbuka humtaja kama mtu mtulivu ambaye hakuitangaza habari ile. Januari 1974 ndege aliyokuwa akiiendesha ilianguka karibu na Birmingham, Alabama, akafariki akiwa na umri wa miaka 61.

Tatizo la Perry lilikua jinsi biashara ya besi ilivyokua. Katika nusu ya pili ya karne iliyopita uvuvi huu uligeuka kuwa mchezo wa fedha nyingi, wenye mashindano, mashua maalumu na wadhamini. Mvuvi atakayeivunja rekodi ya Perry alitarajiwa kuvuna mali. Basi watu wakaanza kuuliza maswali. Iko wapi ngozi ya samaki huyo iliyokaushwa na kutundikwa ukutani? Iko wapi picha? Yuko wapi Jack Page, aliyekuwa naye mashuani? Ngozi haikuwapo kwa sababu samaki alikwisha liwa. Kuhusu picha, miaka zaidi ya sabini baadaye ziliibuka zilizodaiwa kumwonyesha samaki huyo, lakini nazo zikazua ubishi badala ya kuumaliza. Kilichobaki bila kupingika ni karatasi.

Niruhusiwe kusema neno kama mtu wa isimu. Neno rekodi tumelikopa, na leo tunalitumia zaidi kwa maana ya kikomo kilichofikiwa: mwanariadha huweka rekodi, mwenzake akaivunja. Maana ya kwanza ya neno hilo lakini ni maandishi, kumbukumbu iliyowekwa ili jambo lisipotee. Kwa Perry maana hizo mbili zimekutana kabisa. Rekodi yake haina mwili. Ni maandishi tu, yaliyotiwa muhuri na watu wa mji mdogo ambao hawakuwa na faida yoyote ya kusema uongo. Wanaoikataa kwa sababu hakuna picha wanamdai mkulima fukara wa mwaka wa 1932 awe na kamera, fedha za mkaushaji ngozi, na uwezo wa kuona kwamba siku moja samaki wa kuliwa na mama na wadogo zake atakuwa na thamani ya mamilioni. Mwanahistoria hawezi kumdai shahidi wake vitu ambavyo enzi yake haikumpa.

Sisemi kwamba shaka ni kosa. Kutilia shaka ndiyo kazi ya msomi, na mwanafunzi anayeuliza ushahidi uko wapi ni mwanafunzi mzuri. Nasema tu kwamba shaka nayo ina wajibu wa kujieleza. Upande wa Perry kuna mizani ya dukani, mashahidi, hati, ushindi wa pili wa 1934, na mahali penyewe: kusini mwa Georgia ndiko besi wa kaskazini wanakokutana na ndugu zao wa Florida, ambao hukua wakawa wakubwa zaidi. Upande wa pili kuna mshangao tu kwamba samaki anaweza kuwa mkubwa hivyo. Mimi naiamini karatasi.

Huko Marekani kwenyewe, mkondo wa mambo uligeuka. Mwaka wa 1972 Ray Scott, mwanzilishi wa chama kikubwa cha wavuvi wa besi, alianza kuwahimiza washindani wake wasiwaue samaki waliowapata. Mashua zikawekwa matangi ya maji yanayotiliwa hewa, samaki akapimwa na kurudishwa. Sababu si huruma peke yake. Besi anayefikia uzito mkubwa karibu kila mara ni jike, naye huchukua miaka mingi, aghalabu kumi au zaidi, kuufikia. Kumwondoa ni kuondoa kazi ya mwongo mzima, pamoja na mbegu yake. Texas tangu 1986 imekuwa na mpango ambao mvuvi anayempata jike wa ratili 13 au zaidi humkopesha serikali kwa ajili ya kuzalisha.

Hata hivyo, wanaofuga besi wakubwa katika mabwawa watakwambia kwamba kuwaachilia wote ni kosa pia. Besi wadogo wakizidi, chakula hakitoshi, na bwawa hujaa samaki wembamba wenye vichwa vikubwa ambao hawakui. Mwenye bwawa hulazimika kuwavua wadogo wengi na kuwala, awaachie wachache nafasi na visamaki vya kuwalisha. Kwa hiyo sufuria haijafukuzwa katika mchezo huu. Imebadilishiwa samaki tu.

Kisa kimoja chastahili kuwekwa kando ya kile cha Perry. Machi 2006, katika Dixon Lake huko California, ambako besi wa Florida walipelekwa kupandwa katika jimbo hilo kuanzia mwaka wa 1959, mvuvi Mac Weakley alimtoa majini besi wa ratili 25 na wakia 1 kwa mizani ya mkono. Huyo angeizika rekodi ya Perry. Ndoana, hata hivyo, ilikuwa imemnasa ubavuni badala ya kinywani. Weakley alimrudisha majini na hakuidai rekodi. Mei 2008 samaki huyo alipatikana amekufa, akielea. Kwa hiyo besi aliyeliwa angali katika orodha, na mkubwa kuliko yeye, aliyeachiliwa kwa heshima zote, hayumo.

Aliyemfikia Perry alitokea mbali kabisa na Georgia. Tarehe 2 Julai 2009, Manabu Kurita alivua besi katika Ziwa Biwa nchini Japani. Samaki huyo alimzidi yule wa Perry kwa karibu wakia moja. Kanuni za shirika la kimataifa linalosimamia rekodi hizo zinataka tofauti ya wakia mbili, basi Perry na Kurita wakaandikwa sawa. Kurita aliulizwa maswali mengi, akapimwa hata kwa mashine ya kubaini uongo, akapita. Perry hakupata fursa hiyo. Na kuna kinyume kingine: Japani, ambako besi alifikishwa mwaka wa 1925, humhesabu kuwa mvamizi anayewaangamiza samaki wa asili, na katika Ziwa Biwa sheria ya mkoa inakataza kumrudisha majini. Tendo ambalo Marekani ni adabu njema, huko ni kosa.

Sisi tunalo Ziwa Naivasha. Besi huyu aliletwa huko kutoka ughaibuni mwaka wa 1929, kwa ajili ya starehe ya walowezi waliopenda kuvua kwa ufito. Uvuvi wa nyavu wa kibiashara ulipoanza mwaka wa 1959, akawa bidhaa kama samaki wengine. Mchuuzi wa Naivasha akiwa na besi mkononi hawazii rekodi. Anawaza karo. Naona angeelewana upesi na kijana wa Telfair, kuliko wanavyoweza kuelewana na yule kijana hao wanaobishana leo juu ya picha yake.

Leo kando ya barabara kuu katika wilaya ya Telfair kuna bango la kumbukumbu linalowaeleza wapita njia kwamba samaki yule alivuliwa karibu na hapo. Anayeliacha bango na kwenda kulitafuta ziwa hatapata pa kutia mashua. Montgomery Lake limejaa mchanga wa mto na kugeuka kinamasi, na miti imeota pale Perry aliporusha chambo chake cha pekee.