Edward Jenner na Ugonjwa wa Ndui

Ndugu msomaji, mtazame mzee wa kijiji chako mkononi, karibu na bega. Huenda utaona kovu la chanjo ya ndui. Habari ya kovu hilo inaanzia Uingereza.

Edward Jenner alizaliwa mwaka 1749 katika mji mdogo wa Berkeley. Wakati huo ndui iliua watu wengi sana. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka. Lakini aliyepona hakuugua tena.

Jenner alisomea udaktari, akarudi kwao kutibu watu. Huko wakulima walisema kwamba aliyepata ndui ya ng'ombe hapati ndui ya watu. Ndui ya ng'ombe ni ugonjwa mdogo. Humtoa mkamuaji vipele mikononi, kisha hupona. Madaktari wengi waliyadharau maneno hayo. Jenner aliyasikiliza.

Tarehe 14 Mei 1796 alichukua majimaji ya kipele cha msichana mkamuaji, Sarah Nelmes. Akamchanja nayo James Phipps, mtoto wa miaka 8, mwana wa mtunza bustani wake. Mtoto alipata homa kidogo, akapona.

Je, sasa alikuwa na kinga? Wewe ungejuaje? Siku hizi damu hupimwa. Mwili ukishapigana na ugonjwa huweka askari wake katika damu, na kipimo huwaonyesha. Jenner hakuwa na kipimo hicho. Mwezi wa Julai alimchanja mtoto yule kwa usaha wa ndui yenyewe. Fikiri kama angekuwa mwanao! Leo daktari haruhusiwi kufanya hivyo, na ni haki. James hakuugua.

Jenner alitoa kitabu mwaka 1798. Wako waliomcheka, wakasema waliochanjwa wataota pembe. Yeye aliendelea kuwachanja maskini bure, katika kibanda bustanini kwake. Alifariki mwaka 1823.

Chanjo ilienea duniani. Akichanjwa mmoja, amejikinga yeye. Wakichanjwa wengi, ndui hukosa pa kupita, hata asiyechanjwa husalimika. Katika miaka ya 1970 wauguzi walimtafuta kila mgonjwa, wakawachanja wote waliomzunguka. Mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona. Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha.