Annalena Tonelli: Mlei wa Kikatoliki Miongoni mwa Waislamu wa Wajir

Mjini Wajir, katika eneo lililojulikana kwa miongo mingi kama Mkoa wa Kaskazini Mashariki, watu wanapowakumbuka waliosimama nao katika msiba wa mwaka wa 1984, hulitaja pia jina lisilokuwa la Kisomali wala la Kiislamu. Ni jina la Annalena Tonelli. Magazeti mengi yalimwita Sista, na kosa hilo linaeleweka, kwa maana mwanamke wa Kizungu asiyeolewa, aliyejifunika kichwa na kuishi kama fukara, hudhaniwa mara moja kuwa mtawa. Hakuwa mtawa. Hakuwa katika shirika lolote la kitawa, hakutumwa na kanisa wala kulipwa mshahara na serikali. Kiswahili cha Kanisa Katoliki kina neno linalomfaa zaidi, nalo ni mlei.

Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha yake kwa kulizingatia swali ambalo wanafunzi wa fasihi na jamii hulikwepa aghalabu kwa kuogopa kuudhi: je, watu wawili wanaotofautiana kabisa katika imani wanaweza kuishi pamoja bila mmoja kumgeuza mwenziwe, na bila wote wawili kujifanya kwamba tofauti haipo? Nchini Marekani na Ulaya tofauti za namna hii hupimwa kwa kura za maoni: nani husali, nani huamini nini, nani huenda kanisani na mara ngapi. Kule Wajir kipimo kilikuwa kingine. Mtu alipimwa kwa mkono ambao yuko radhi kupokea dawa kutoka kwao.

Tonelli alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 katika mji wa Forlì, kaskazini mwa Italia. Alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Bologna akafuzu, lakini hakuwahi kuifanya sheria kuwa kazi yake. Tangu ujanani aliwatumikia maskini wa mji wake, na alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha pale Forlì kamati ya kupambana na njaa duniani. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kumchangia fedha kwa miaka mingi. Mwaka wa 1969 alifika Kenya akiwa mwalimu, kwa kuwa ualimu ndio kazi pekee aliyojiona ana uwezo wa kuifanya kwa wakati ule, na mwaka uliofuata alikuwa tayari yuko kaskazini mashariki.

Ni muhimu kukumbuka hali ya eneo hilo wakati huo. Kabla ya uhuru, Wasomali walio wengi wa Wilaya ya Mpakani Kaskazini walikuwa wameonyesha mwaka wa 1962 kwamba wangependa kujiunga na Somalia. Matakwa yao hayakutimizwa, na vita vya Shifta vikazuka mwaka wa 1963. Mapatano kati ya Kenya na Somalia yalifikiwa mwaka wa 1967, lakini sheria za hali ya hatari ziliendelea kuwakalia wenyeji hadi mwaka wa 1991. Kwa Msomali wa Wajir, basi, serikali ilikuwa na sura ya askari, na askari huyo mara nyingi alikuwa Mkristo kutoka bara. Ndiyo sababu dini haikuwa suala la itikadi pekee. Ilikuwa imefungamana na bunduki, kipande na kizuizi cha barabarani.

Katika mazingira hayo alitokea mwanamke wa miaka ishirini na saba, Mzungu, Mkristo, tena asiye na mume. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba kila jambo lilimpinga. Ujana wake ulimnyima haki ya kusikilizwa, rangi yake ilidharauliwa, dini yake iliogopwa, na useja wake ulikuwa kichekesho katika jamii ambayo haijui mtu mzima anayekataa ndoa kwa hiari. Tukiyatazama vizuri, mawili ya mambo hayo manne yalihusu imani na maadili moja kwa moja. Useja, ambao kwa Mkatoliki ni sadaka, kwa jirani yake Mwislamu ulikuwa kuikimbia sunna. Hapakuwa na tafsiri iliyoweza kulimaliza shindano hilo, wala Tonelli hakujaribu kuitafuta. Aliendelea kuishi alivyoishi, wakaendelea kumshangaa.

Kilichobadilisha mambo ni kifua kikuu. Ugonjwa huu uliwatesa sana wafugaji wa kuhamahama, na uliandamana na aibu kubwa. Kulikuwa na walioamini kwamba ni laana kutoka kwa Mungu, wakawaficha wagonjwa wao. Fauka ya hayo, tiba yake huchukua miezi mingi. Mgonjwa akipata nafuu baada ya wiki chache huacha dawa, na mvua ikinyesha mahali pengine huondoka na ngamia wake, na akirudi kuugua huenda vijidudu vikawa vimekwisha kuizoea dawa. Mwaka wa 1976 Tonelli alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tiba ya kifua kikuu kwa wahamaji. Hakuwa daktari. Alijifunza udhibiti wa kifua kikuu nchini Kenya, tiba za nchi za joto Uingereza, na ukoma nchini Hispania.

Suluhisho lake lilitoka katika maisha ya wafugaji wenyewe. Badala ya kuwafungia wagonjwa wodini, ambako wangetoroka, aliwaalika wapige kambi karibu na kituo alichokuwa akiwahudumia watoto walemavu, vipofu na viziwi pamoja na wanawake wenzake waliomfuata kutoka Italia. Mgonjwa alikuja na jamaa yake, wakajenga makao yao ya mikeka na miti kama walivyozoea, wakakaa pale hadi miezi sita ya tiba ilipotimia. Kila siku alimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu. Mahali hapo pakaitwa manyatta ya kifua kikuu. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza ulimwenguni mpango wa tiba inayosimamiwa moja kwa moja, na Wajir huhesabiwa kuwa mojawapo ya chemchemi zake. Si chemchemi ya pekee. Nchini Tanzania, tangu mwaka wa 1977, daktari Karel Styblo alikuwa akijenga mpango wa taifa zima kwa fikra iliyokaribiana na hiyo. Wanaomsifu Tonelli kana kwamba alivumbua yote peke yake wanampa sifa ambayo haihitaji.

La kuvutia zaidi kwetu ni yaliyotendeka kambini wakati wa kusubiri miezi sita iishe. Katika kazi zake kulikuwa na madarasa ya kusoma na kuandika, na kulikuwa na mafunzo ya Kurani kwa wagonjwa. Mkatoliki aliyeamka alfajiri kusali peke yake ndiye aliyehakikisha kwamba wagonjwa wake wanapata mwalimu wa Kurani. Wapo Wakristo wanaouona huu kuwa udhaifu, wakiuliza ni mmisionari gani asiyehubiri. Wapo Waislamu waliouona kuwa hila ya kuwanasa taratibu. Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea kwa namna moja: zinachukulia kwamba wema lazima uwe na shabaha iliyofichika nyuma yake. Miaka ilipopita, mzee mmoja mashuhuri wa Wajir alimwambia kwamba Waislamu wanayo imani, naye na wenzake wanao upendo. Tonelli aliisimulia kauli hiyo kama barafu iliyoyeyuka. Hata hivyo, msomaji makini ataona kwamba mzee hakumkubalia dini yake hata kidogo. Alimpa upendo, akaibakiza imani upande wake.

Kisha ukafika mwezi wa Februari 1984. Kuanzia tarehe 10 wanaume wa ukoo wa Degodia walikamatwa na vikosi vya usalama katika operesheni ya kutwaa silaha, wakakusanywa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, nje kidogo ya mji wa Wajir. Walivuliwa nguo, wakazuiliwa kwa siku kadhaa juani bila maji wala chakula. Wengi walipigwa risasi, na maiti zikatupwa nyikani. Kwa muda mrefu serikali ilishikilia kwamba waliokufa walikuwa 57. Wenyeji walitaja maelfu. Tonelli mwenyewe alitaja watu wapatao 1,000. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotolewa mwaka wa 2013, iliitambua Wagalla kuwa miongoni mwa ukiukaji mkubwa kabisa wa haki za binadamu katika historia ya Kenya.

Tonelli na wasaidizi wake walitoka na gari kwenda nyikani kuwatafuta majeruhi na kuwazika wafu, akapigwa kwa sababu hiyo. Habari na orodha za waliouawa zilipelekwa Nairobi na kufika mikononi mwa mke wa mwanadiplomasia wa Marekani, na kwa njia hiyo balozi za nje zikajua jambo ambalo serikali ilitaka lisijulikane.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa gumu. Kwa maelezo aliyoyatoa Vatikani mnamo Desemba 2001, Tonelli alifikishwa mbele ya wakuu ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Msomali, na wote walikuwa Wakristo. Walimwarifu kwamba mitego miwili ya kumuua ilikuwa imeshindwa, ila wa tatu hautashindwa. Mmoja wao, muumini wa dhati, alimwuliza ni nini kinachomsukuma kutenda hivyo. Akajibu kwamba ni Yesu Kristo, anayewataka watu watoe uhai wao kwa ajili ya rafiki zao. Aliyeuliza na aliyejibu walisoma Biblia ileile. Ikiwa tunaamini kwamba mpaka mkubwa katika kaskazini mashariki ni ule unaopita kati ya msikiti na kanisa, kisa hiki kinatulazimisha kuuchora mpaka huo upya, kwa kuwa siku ile ulipita katikati ya Wakristo wenyewe.

Haukupita muda mrefu kabla hajalazimika kuondoka Kenya. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 alihamia Somalia, akafanya kazi Merca na Mogadishu, na serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka wa 1991 alibaki kuwalisha wenye njaa katikati ya vita. Alipoondoka Merca, nafasi yake ilichukuliwa na daktari Graziella Fumagalli, Mwitaliano mwenziwe, ambaye aliuawa kwa risasi hospitalini tarehe 22 Oktoba 1995.

Kuanzia mwaka wa 1996 alikuwa Borama, Somaliland. Alijenga hospitali ya kifua kikuu yenye vitanda 250, akaanzisha shule ya watoto viziwi, akashirikiana na wenyeji kupinga ukeketaji wa wasichana. Maisha yake ya ibada yalikuwa ya upweke kupita kiasi: hapakuwa na kanisa, na Askofu wa Djibouti alifika mara moja tu kwa mwaka, karibu na Krismasi, kumsomea Misa. Wenyeji hawakumpenda wote. Alipoanza kuwahudumia wenye UKIMWI wapo waliomshutumu kwamba ndiye anayeuleta ugonjwa mjini, na hospitali ikapigwa mawe. Kupinga ukeketaji nako kuligusa jambo ambalo wengi waliliona kuwa sehemu ya heshima ya jamaa. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba miaka thelathini ya huduma iliziondoa tofauti za maadili. Ilimpa tu haki ya kuzizungumzia akiwa jirani, na haki hiyo wengine hawakumpa kamwe.

Mwezi wa Juni 2003 alitunukiwa Tuzo ya Nansen na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuwahudumia Wakimbizi. Jioni ya tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo, baada ya kuwazungukia wagonjwa, alipigwa risasi ya kichwa katika ua wa hospitali yake. Alikuwa na umri wa miaka 60, na 33 kati ya hiyo aliipitisha miongoni mwa Wasomali. Kabla ya mwezi huo kwisha, walimu wawili Waingereza, mume na mke, waliuawa nyumbani kwao katika mji wa Sheikh, Somaliland hukohuko. Hospitali ya Borama haikufungwa. Wagonjwa waliokuwa katikati ya miezi yao sita walihitaji kumeza dawa asubuhi iliyofuata.