Schiaparelli na Maji ya Mirihi

Miezi mingine ukitoka nje usiku, hapo Kasulu au Kibondo, utaona nyota nyekundu isiyometameta kama zile nyingine. Hiyo si nyota. Ni sayari iitwayo Mirihi, jirani ya dunia yetu. Wekundu wake ni wa udongo wenye kutu ya chuma.

Giovanni Schiaparelli alizaliwa mwaka 1835 katika mji wa Savigliano, nchi ya Italia. Alisoma kwao, kisha Ujerumani na Urusi. Mwaka 1862 akawa mkuu wa kituo cha kutazama nyota cha Brera, mjini Milano.

Mwaka 1877 Mirihi ilikaribia dunia. Schiaparelli alikesha kwenye darubini, akachora ramani ya sayari hiyo. Aliona mistari myembamba, akaiita canali. Kwa Kiitaliano neno hilo laweza kuwa mkondo uliochimbwa na maji yenyewe. Pia laweza kuwa mfereji uliochimbwa na watu. Waliolitafsiri kwa Kiingereza walichagua mfereji wa watu.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wewe unajua: ukiona mfereji wa kumwagilia bustani, yupo aliyeshika jembe. Basi watu wakauliza, nani kachimba kule Mirihi? Tajiri mmoja wa Marekani, Percival Lowell, alijenga kituo chake huko Flagstaff mwaka 1894. Akaandika vitabu kwamba Mirihi inakauka, na kwamba wakazi wake wamechimba mifereji ya kuleta maji kutoka kwenye barafu.

Schiaparelli hakufika mbali hivyo. Aliona kuwa mikondo hiyo yaweza kuwa ya asili tu, ingawa habari ya viumbe hakuikana kabisa. Macho yake yalidhoofika, akaacha kutazama nyota. Alifariki mwaka 1910, na ubishi ulikuwa haujaisha.

Lakini je, mistari yenyewe ilikuwapo? Mwaka 1903, huko Greenwich, Uingereza, wavulana wa shule walionyeshwa picha ya duara yenye madoa, wakaambiwa waichore. Baadhi ya waliokaa mbali kidogo walichora mistari ambayo haikuwamo. Jicho lilikuwa limeunganisha madoa. Jaribu na wewe kwa karatasi.

Mwaka 1965 chombo cha Marekani, Mariner 4, kilipita karibu na Mirihi na kupiga picha. Mfereji haukuonekana hata mmoja. Kisha chombo cha Mariner 9, kilichofika mwaka 1971, kikaonyesha jambo jingine: mabonde makavu ya mito. Hayo hayakuwa ile mistari ya Schiaparelli. Lakini maji yalipita hapo, zaidi ya miaka milioni elfu tatu iliyopita.

Mwaka 2004 chombo kingine kilikuta chumvichumvi ndani ya mawe ya uwanda mmoja wa Mirihi. Watu wa Uvinza hawatashangaa: maji ya chumvi yakikauka, chumvi hubaki.

Maji hayo yalikwenda wapi? Hewa ya Mirihi ilipungua mno, na sehemu ya maji ikapotelea angani. Sehemu nyingine ni barafu. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikwangua udongo kidogo tu, kikaikuta. Ukimwaga maji huko leo, hayakai: yataganda, au yatachemka na kwisha.

Mwaka 2016 nchi za Ulaya zilipeleka huko chombo kilichopewa jina la Schiaparelli. Kilianguka kwa kishindo na kuvunjika, katika uwanda uleule wa chumvi.