Johann Ludwig Krapf na Kaburi la Kando ya Njia (1810–1881)

Mmisionari Johann Ludwig Krapf hakufika Mbulu wala Hanang. Safari zake za bara zilimfikisha Usambara kwa Mfalme Kimweri, mwaka 1848 na tena mwaka 1852, na upande wa Ukambani, alikouona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849. Nchi ya Wairaqw na ya Wadatoga ilibaki mbali magharibi. Hata hivyo jina lake linastahili kuwamo katika kitabu cha usharika wa Kilutheri wa wilaya hizi, kwa kuwa ndiye aliyeanza kazi ya kuyaweka Maandiko katika Kiswahili, lugha ambayo waumini wa hapa husomewa Neno wanapowazika wapendwa wao. Vitabu vya shule humtaja kwa sababu ya mlima aliouona. Ni wachache wanaomkumbuka kuwa alikuwa mgane.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, katika ufalme wa Württemberg nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, jirani alimpiga vibaya kwa kosa la kijana mwingine, akaugua kwa miezi sita. Katika miezi hiyo alisoma Biblia, na zaidi ya yote habari za mababu: Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wake zao, watoto wao, ugomvi wao na hama-hama yao. Alipopata nafuu alikwenda na jamaa zake shambani wakati wa mavuno, akawasimulia wavunaji habari hizo, hata baadhi yao wakambashiria baba yake kwamba mtoto huyu atakuwa mchungaji. Mambo haya ya utotoni yangeweza kupitwa haraka, lakini habari hizohizo za jamaa ya Ibrahimu zilikuja kumkuta tena mtu mzima, mbali na kwao, katika saa iliyo ngumu kuliko zote.

Baada ya masomo ya umisionari huko Basel na muda wa kusitasita juu ya wito wake, alijiunga na Chama cha Misioni cha Kianglikana cha Uingereza, CMS, akatumwa Ethiopia mwaka 1837. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich wa Basel katika mji wa Alexandria. Rosine naye alikuwa ameonja msiba kabla ya ndoa, maana alikuwa mchumba wa mmisionari mwingine aliyefariki. Walipozuiwa kurudi Ethiopia, mtoto wao wa kwanza alizaliwa safarini, katika nyika iliyo karibu na Massawa. Baba alimbatiza kwa jina la Eneba, maana yake chozi kwa Kiamhari. Alizikwa huko huko.

Januari 1844 walifika Unguja, ambako Sultani Seyyid Said alimpokea Krapf kwa wema na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Mwezi Mei wakawa wamekaa Mombasa. Tarehe 8 Juni, akisaidiwa na kadhi wa Kiislamu wa mji huo, Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Siku hiyo aliihesabu kuwa miongoni mwa siku kuu za maisha yake.

Mwezi mmoja baadaye homa iliingia nyumbani. Rosine alijifungua binti tarehe 6 Julai, na siku chache baadaye homa ikamshika kwa nguvu. Alipoona mwisho wake umekaribia aliwaita waliomhudumia, wote Waislamu, akawaeleza tumaini lake katika Kristo. Aliwaombea jamaa zake, kazi ya misioni, Afrika Mashariki, na Sultani pia. Alimtaka mumewe asiandike sifa zake katika barua za kwenda Ulaya. Tarehe 13 Julai 1844 alilala mauti. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani kwa homa hiyohiyo, akaamka kwa shida ili ahakikishe kwamba kweli mkewe amekata roho. Muda mfupi baadaye mtoto naye alifariki, akalazwa kaburini karibu na mama yake.

Wako katika Hanang wanaojua jinsi ilivyo kumpoteza mwenzi huku mwili wako mwenyewe hauna nguvu hata ya kusimama kaburini. Tope na mawe yaliposhuka kutoka mlimani na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani, tarehe 3 Desemba 2023, walikufa watu zaidi ya 80, na miongoni mwa waliobaki walikuwamo majeruhi wenye misiba yao.

Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali wanapopita Wanyika, ili kaburi lake liwakumbushe wapitao sababu iliyowaleta watumishi hao. Wadatoga wa Hanang huelewa jambo hili bila kufafanuliwa, kwani wao humjengea mzee mwenye heshima kichuguu cha kaburi, bung'ed, kionekane na vizazi. Tofauti ni kwamba kaburi la Rosine lilikuwa la mgeni, asiye na ukoo wa kulitunza.

Krapf aliwaandikia wakuu wa chama chake kwamba kaburi hilo pweke ni alama ya mapambano yaliyoanza katika sehemu hii ya dunia. Maneno yake hayo yamekaririwa mara nyingi, na wakati mwingine yamefanya huzuni yake ionekane nyepesi. Haikuwa nyepesi. Lakini homa ilipomwachia alirudi kwenye meza ileile na kitabu kilekile. Yeyote anayekisoma Mwanzo kwa utaratibu hufika sura ya 23, ambapo Ibrahimu anamlilia Sara katika nchi ya ugenini, kisha anainuka mbele ya maiti wake na kununua pango la Makpela kwa shekeli 400 za fedha, kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuzika. Hufika pia sura ya 35, ambapo Raheli anafariki kwa uchungu wa uzazi njiani, na Yakobo anasimamisha nguzo juu ya kaburi lake. Mgane wa Mombasa alizijua habari hizo tangu shambani kwa baba yake. Sasa alipaswa kuzitafutia maneno ya Kiswahili moja baada ya jingine.

Miaka miwili alibaki bila mwenzake katika kazi, hata Johannes Rebmann alipofika Juni 1846. Tarehe 25 Agosti mwaka huo walifungua kituo cha Rabai, wote wawili wakiwa na homa. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1850. Afya ilimlazimisha kurudi Ulaya mwaka 1853, akakaa Korntal. Alioa tena mwaka 1856, akafiwa tena mwaka 1868, na baadaye akaoa kwa mara ya tatu.

Mwaka 1875 Rebmann aliwasili Ulaya akiwa kipofu, akiongozwa na Isaac Nyondo wa Rabai. Yeye pia alikuwa amempoteza mkewe Emma, mwaka 1866, huko huko Rabai. Wazee hawa wawili walikutana tena Korntal, wakawa majirani mpaka Rebmann alipofariki Oktoba 1876.

Krapf alifariki tarehe 26 Novemba 1881. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka uliofuata. Yeye alizikwa Korntal. Rosine na binti yake wamelala upande wa Nyali, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kaburi lao lingalipo.