Newmark, jamaa aliyekata tetemeko vipande vipande

Ukifungua OpenSees, programu ambayo wahandisi hutumia kukadiria jengo litafanya nini wakati wa tetemeko la ardhi, lazima uiambie itumie njia gani ya hesabu. Kati ya njia hizo utakutana na jina la mtu: Newmark. Mwenyewe alifariki 1981, pengine kabla hujazaliwa, lakini jina lake bado liko kazini.

Nathan Newmark alizaliwa 1910 huko Plainfield, jimbo la New Jersey, Marekani. Alisoma Rutgers, kisha akaelekea Chuo Kikuu cha Illinois, akapata udaktari wake 1934 kabla hata ya kufikisha miaka 25. Wewe na miaka 25 ulikuwa wapi? Haya, tuyaache hayo. Illinois ndiko alikofundisha hadi mwisho.

Sasa sikiza shida aliyoikuta. Fikiria umesimama ndani ya matatu bila kushika chuma, na dereva anakanyaga breki, anaachilia, anakanyaga tena, mara kadhaa kwa sekunde. Jengo ndilo abiria huyo. Hakuna fomula moja ya kukuambia litakuwa limeegemea wapi ifikapo sekunde ya kumi.

Jibu la Newmark, alilochapisha 1959, lilikuwa hili: usimeze tetemeko zima. Likate vipande vidogo, kwa mfano vya sehemu moja ya mia ya sekunde. Ukijua jengo liko wapi sasa, linaenda kwa kasi gani na kasi hiyo inabadilika vipi, unaweza kukadiria litakuwa wapi kipande kinachofuata. Halafu unarudia, mara maelfu. Kwa kalamu utazeeka, lakini Newmark alikuwa ameongoza maabara ya kompyuta ya chuo hicho, kule ambako mtambo wa ILLIAC ulianza kazi 1952.

Na hakuwa mtu wa makaratasi tu. Alikuwa mshauri wa Torre Latinoamericana, jengo la orofa 44 lililosimamishwa Mexico City juu ya udongo laini wa ziwa la kale. Lilikamilika 1956. Mwaka uliofuata, Julai, tetemeko lilipiga jiji hilo usiku, likaangusha hata sanamu maarufu ya malaika wa Uhuru. Jengo lile halikuanguka. Mwaka 1985 likaja tetemeko baya zaidi, maelfu ya watu wakafa, na bado likasimama. Newmark hakuwa hai kuliona.

Kitu ambacho mimi hunivutia zaidi, hata hivyo, ni vile hesabu yake inatumika maabara siku hizi. Huwezi kutingisha daraja zima ndani ya chumba. Kwa hivyo watafiti hujenga nguzo moja ya kweli, na sehemu zingine za daraja zinabaki ndani ya kompyuta. Kompyuta inapiga hesabu ya kipande kimoja na kuagiza jeki zisukume nguzo, tuseme milimita mbili. Vipimo vinasoma nguzo imekataa kwa nguvu kiasi gani, jibu linarudi, hesabu inaendelea. Programu kama OpenFresco na UI-SIMCOR, hii ya pili ikiwa imetoka Illinois kwenyewe, ndizo zinazobeba ujumbe huo huku na huku.

Lakini kuna mtego. Aina moja ya njia ya Newmark hukisia, kisha hurudi kusahihisha. Ndani ya kompyuta hiyo ni sawa. Kwenye maabara, ukisukuma zaidi ya ilivyopaswa, saruji imeshapasuka, na hakuna kitufe cha kufuta. Ndiyo maana watafiti wengi huchagua aina yake nyingine, ile inayosukuma mara moja tu bila kurudi nyuma. Bei yake ni kwamba vipande lazima viwe vidogo zaidi, na jaribio la tetemeko la nusu dakika linaweza kuwaweka maabara saa nzima na zaidi, macho kwenye nguzo.