Karen Blixen: Mlowezi aliyewatafutia maskwota wake makao Dagoretti

WASAFIRI wanaotoka katikati mwa jiji la Nairobi kwa Barabara ya Ngong hupita Dagoretti Corner kabla ya kufika Karen, mtaa wa matajiri wenye nyua ndefu na bustani pana. Ni wachache wanaofahamu kwamba Karen na Dagoretti ziliunganishwa mnamo 1931 na kisa cha mwanamke kutoka Denmark aliyefilisika, na familia za Wakikuyu ambazo zilitakiwa kuhama ardhi yake.

Mwanamke huyo ni Karen Blixen, ambaye jina lake limevuma kote ulimwenguni kutokana na kitabu chake cha Out of Africa na filamu iliyotokana nacho. Hata hivyo, jambo kubwa zaidi alilowatendea majirani zake Waafrika halizungumziwi sana.

Alizaliwa Aprili 17, 1885, mjini Rungsted nchini Denmark, katika jamaa yenye mali. Baba yake, Wilhelm Dinesen, alikuwa mwanajeshi na mwandishi. Alijitoa uhai mnamo 1895, bintiye akiwa na umri wa miaka 10 hivi.

Karen aliwasili Mombasa Januari 1914, na papo hapo akafunga ndoa na Bror Blixen, kabaila kutoka Uswidi. Mumewe alikuwa ametangulia kununua shamba karibu na Milima ya Ngong, kwa fedha ambazo sehemu kubwa zilitoka kwa jamaa za mkewe.

Nchi aliyoikuta haikuwa tupu jinsi walowezi wengi walivyodhani. Kapteni Frederick Lugard alijenga ngome Dagoretti mnamo 1890 baada ya kuelewana na Waiyaki wa Hinga, na ni Wakikuyu wa huko waliowauzia chakula wasafiri wa misafara.

Baadaye, njaa na ndui za miaka ya 1898 na 1899 ziliua watu wengi na kuwafanya wengine kukimbilia kwa jamaa zao kaskazini. Walowezi walipofika kwa reli, waliyaona mashamba yaliyoachwa na kuyahesabu kuwa ardhi isiyo na wenyewe. Serikali nayo ikawagawia.

Hivyo basi, wenyeji waliorejea walijikuta wakiitwa maskwota. Kwa mujibu wa sheria ya 1918, skwota alitakiwa kumfanyia mlowezi kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka ili aruhusiwe kulima na kulisha mifugo katika ardhi hiyo.

Shamba la Blixen lilikuwa na takriban ekari 6,000. Ekari 600 zilipandwa mibuni, nyingine zilikuwa msitu na malisho, na zipatazo 1,000 zilitumiwa na maskwota kwa makao na mashamba yao ya chakula.

Maisha ya mgeni huyo hayakuwa mepesi. Katika mwaka wake wa kwanza aliambukizwa kaswende na mumewe, ikamlazimu kurudi Denmark mwaka uliofuata kutafuta matibabu. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, aliongoza msafara wa magari ya kukokotwa na maksai kupeleka mahitaji kwa wanajeshi waliokuwa karibu na mpaka wa Tanganyika.

Mnamo 1921 walitengana na mumewe, na talaka ikatolewa mwaka wa 1925. Kuanzia hapo, Karen alisimamia shamba peke yake, jambo lililokuwa nadra kwa mwanamke wa enzi hizo. Aliyekuwa mkono wake wa kulia ni Farah Aden, Msomali aliyesimamia nyumba, hesabu na shughuli nyingi za shamba.

Aidha, alifungua shule ya watoto wa shambani na kutibu wagonjwa waliofika mlangoni pake kila asubuhi. Mmoja wao alikuwa Kamante Gatura, mvulana mwenye vidonda miguuni aliyemtuma kwa hospitali ya wamishonari wa Scotland, na ambaye baadaye alikuwa mpishi wake mashuhuri.

Jirani yake mwenye mamlaka makubwa alikuwa Kinyanjui wa Gathirimu, chifu mkuu aliyekuwa na makao Dagoretti. Wakati mzozo wa fidia ulipozuka shambani baada ya risasi kufyatuka kwa ajali na kuua mtoto, ni Kinyanjui aliyeitwa kuusuluhisha. Jina lake lingali hai katika chuo cha kiufundi kilichoko Riruta.

Lakini uhusiano huo ulikuwa na kasoro zake. Mnamo 1929, Kinyanjui akiwa mahututi, aliomba kupelekwa nyumbani kwa Blixen akafie huko. Mwanamke huyo alikataa kwa kuhofia lawama, na chifu akafariki hospitalini. Blixen mwenyewe alikiri kitendo hicho katika maandishi yake wala hakujitetea.

Wakati huo, kilimo chenyewe kilikuwa kikiporomoka. Shamba lilikuwa juu mno kwa mibuni, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na udongo wake ulikuwa na asidi nyingi. Ukame ulizidisha hasara, kiwanda cha kahawa kiliteketea mnamo 1923, na bei ikaanguka ulimwengu ulipokumbwa na mdororo wa uchumi.

Kampuni ya jamaa zake iliuza shamba mwaka wa 1931 kwa Remi Martin, mfanyabiashara aliyenuia kuligawa liwe viwanja vya makazi. Mei 14 mwaka huo, Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa mpenzi wake, alifariki ndege yake ilipoanguka Voi. Alizikwa katika Milima ya Ngong.

Ni katika kipindi hicho cha msiba ambapo maskwota walipewa notisi ya kuhama. Sheria haikuwaruhusu Waafrika kununua ardhi katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, na kila familia ilitarajiwa kujitafutia pa kwenda.

Wazee walimjia Blixen na ombi moja: wahamishwe pamoja, na mifugo yao, mahali pamoja. Kwao, kutawanywa kulimaanisha kupoteza si ardhi pekee, bali pia majirani, mashahidi wa mambo yao ya kale na kila kilichowafanya kuwa jamii.

Mwanamke huyo, ambaye samani zake zilikuwa tayari zikiuzwa, alianza kuzunguka katika ofisi za serikali jijini Nairobi. Alimwendea afisa mmoja baada ya mwingine, akiambiwa kila mara kwamba hakuna ardhi ya kutosha. Hakukata tamaa hadi suala hilo likamfikia Gavana mpya, Joseph Byrne.

Hatimaye serikali ilikubali. Maskwota hao walitengewa sehemu ya Msitu wa Hifadhi wa Dagoretti, si mbali na makao yao ya awali, wakae pamoja.

Ikumbukwe kuwa wanawake wa Kikuyu ndio waliokuwa na jukumu la mashamba ya chakula. Kuanza upya katika ardhi ya msitu kulimaanisha jembe na mzigo wa kuni mgongoni mwao. Historia huwataja wanawake wa kizungu kuwa waanzilishi, ilhali hawa nao walikuwa waanzilishi, tena wasiochagua safari yao.

Blixen aliondoka Kenya mnamo 1931, wala hakurudi tena. Akiwa Denmark aliandika kwa jina la Isak Dinesen, na Out of Africa kikachapishwa mnamo 1937. Alifariki Septemba 7, 1962, akiwa na umri wa miaka 77. Filamu ya 1985 ilishinda tuzo saba za Oscar, na mwaka uliofuata nyumba yake ikafunguliwa kuwa makumbusho ya taifa.

Si wote wanaomsifu. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alikishutumu vikali kitabu hicho, akiona kuwa kinawadunisha Waafrika kwa sura ya mapenzi. Ukweli ni kwamba Blixen alifaidi mfumo uliowapokonya watu ardhi, na hata ushindi wake wa mwisho ulikuwa wa kuwaombea wenyeji kipande cha nchi yao wenyewe.

Hata hivyo, walowezi wengi walipofilisika walifunga virago na kuondoka bila kugeuka nyuma. Yeye alibaki hadi alipohakikisha kwamba familia hizo zina pa kulaza vichwa. Mtaa unaitwa Karen hadi leo; majina ya waliohamia msituni Dagoretti hayakuandikwa kwenye ramani yoyote.