John Thoburn Williamson wa Mwadui na Suala la Mamlaka juu ya Shule

Katika historia ya Shinyanga, ni wageni wachache ambao majina yao yameshikamana na ardhi ya huko kama lilivyoshikamana jina la John Thoburn Williamson. Aghalabu yeye hukumbukwa kwa almasi. Upande wa maisha yake usiotajwa sana ni mji alioujenga Mwadui, pamoja na huduma zake, shule ikiwamo. Upande huo ndio unaozusha suala ambalo halijapitwa na wakati: shule inapojengwa kwa mali ya mgodi, ni nani anayepaswa kuwa na kauli ya mwisho juu yake?

Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec, Kanada. Alisoma katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, ambako aliacha nia yake ya kusomea sheria na kujitosa katika jiolojia hadi akapata shahada ya uzamivu mwaka 1933. Baada ya hapo alikuja Afrika, akafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, kisha akahamia Tanganyika kutafuta almasi katika nchi ya Wasukuma. Kampuni iliyomwajiri ilipokata tamaa, yeye aliendelea kwa fedha kidogo na kwa afya iliyokuwa ikidhoofika. Mwaka 1940 aliugundua Mwadui mwamba wa almasi wenye eneo la hekta 146, mmojawapo wa ile mikubwa kabisa duniani.

Utajiri haukumfanya awe mtu wa makundi. Hakuoa, na aliishi papo hapo mgodini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikataa kuuza almasi zake kwa bei iliyopangwa na shirika lililotawala soko la dunia, akazihifadhi hadi walipoafikiana. Mtu wa namna hiyo, asiyekubali kuamuliwa mambo na wengine, ndiye aliyekuwa mwenye mji wa Mwadui. Ndani ya uzio wa mgodi kulikuwa na nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, maduka, umeme na maji. Mambo ambayo vijiji vingi vya jirani havikuyajua.

Hata hivyo, ukarimu huo ulikuwa na mipaka miwili. Wa kwanza ni wa wakati wake: serikali ya mkoloni iligawa elimu kwa misingi ya rangi, Wazungu, Waasia na Waafrika wakiwa na shule zao mbalimbali, na Mwadui haikuwa kisiwa nje ya utaratibu huo. Wa pili ni wa mamlaka. Nje ya uzio, shule zilikuwa za misheni, kama ile ya Africa Inland Mission iliyokuwa na kituo Kolandoto, au za serikali za machifu, zilizotegemea kodi ya wananchi. Mlipa kodi alikuwa na mahali pa kunung'unika, hata kama hakusikilizwa. Mzazi wa Mwadui alikuwa mwajiriwa na mpangaji wa yule yule aliyemsomeshea mtoto. Akipoteza kazi, hupoteza na nyumba, na pengine na nafasi ya mwanawe darasani.

Williamson alifariki Mwadui mwezi Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50. Mwaka huo huo warithi wake waliuza mgodi kwa kampuni ya De Beers na serikali ya Tanganyika, kila upande ukipata nusu. Wazazi waliokuwa na watoto shuleni hawakuwa na sauti katika mauzo hayo. Ubaguzi wa rangi mashuleni uliondolewa kisheria kuanzia Januari 1962, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za misheni zilizopata ruzuku chini ya serikali.

Suala hilo limerejea katika ukanda wa dhahabu. Mjini Geita, kampuni ya mgodi ilijenga Shule ya Sekondari ya Wasichana Nyankumbu na kuikabidhi serikali. Mwaka 2017 marekebisho ya Sheria ya Madini yalitaka mipango ya kampuni ya kusaidia jamii ikubaliwe na halmashauri ya mahali husika. Hapo ndipo tofauti na Mwadui ya Williamson ilipo: mgodi hutoa fedha, lakini hauamui peke yake.

Si haki kumhukumu Williamson kwa kutoona yale ambayo serikali ya zama zake haikuyaona. Alijenga pale ambapo wengine walichimba na kuondoka. Lakini maisha yake yanaonyesha kwamba shule inayosimama juu ya hisani ya mtu mmoja huyumba siku mtu huyo anapozikwa. Wala kuhamishia mamlaka yote serikalini hakumalizi tatizo, iwapo mzazi atabaki msikilizaji tu. Almasi huisha na dhahabu huisha. Mwenye kubaki ni mzazi wa kijijini, na kamati ya shule ambamo neno lake lina uzito ni urithi unaodumu kuliko jengo.